Kiti cha kushoto katikati ya theluji: kisa cha ukapteni uliokuja haraka

Kisa hiki ni cha rubani mmoja wa Marekani ambaye nitamwita K. Nimekiandika kwa ridhaa yake. Jina la shirika, viwanja vya ndege na tarehe kamili vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama alivyonieleza na kama kumbukumbu zake za safari zinavyoonyesha.

Nimekichagua kwa sababu hakina ajali wala kashfa. Ni kisa cha uamuzi wa kazi uliopimwa kwa makini na mtu makini, lakini kipimo kimoja kikasahaulika.

Usuli

K aliajiriwa kama rubani msaidizi katika shirika la kikanda, mojawapo ya yale yanayorusha jeti za abiria hamsini hadi sabini na kitu kwa niaba ya mashirika makubwa. Abiria anaona rangi na nembo ya shirika kubwa, lakini ndege na marubani ni wa kampuni nyingine. Kwa marubani wengi wa huko hapo ni mahali pa kupita: unakusanya saa, unapata uzoefu, kisha unahamia kwa wakubwa.

Mambo mawili ya mfumo huo lazima yaeleweke kabla ya kuendelea.

La kwanza ni orodha ya ukongwe. Kila rubani ana namba inayotokana na tarehe aliyoajiriwa, na namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu: kituo utakachofanyia kazi, siku za mapumziko, likizo, safari utakazopata, na lini unaweza kuwa kapteni. Ustadi hauisogezi. Kuna jambo ambalo wageni wa fani hii hulikosa: namba haibadiliki ukipanda cheo, lakini mahali pako miongoni mwa wenzako panabadilika sana. Aliyekuwa katikati ya orodha ya marubani wasaidizi wa kituo fulani, akihamia kiti cha kushoto, anachokaa kapteni, anakuwa wa mwisho kabisa kwa makapteni.

La pili ni sheria ya saa. Baada ya ajali ya Februari 12, 2009 karibu na Buffalo, ambapo ndege ya Colgan Air iliyokuwa ikiruka kwa niaba ya Continental ilianguka na watu 50 wakafa, akiwemo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010. Kutokana nayo, tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na cheti cha juu cha rubani wa usafirishaji, ambacho kwa kawaida kinadai saa 1,500. Na ili awe kapteni katika mashirika yanayofuata kanuni za Sehemu ya 121, yaani kanuni za Marekani za mashirika ya ndege ya kibiashara, lazima awe ameruka saa 1,000 katika mashirika ya aina hiyo au kazi chache zinazokubalika badala yake. Hapo ndipo hesabu ya K inapoanzia.

Alikuwa amefanya kazi miezi ishirini na miwili. Saa 1,000 alikuwa amezipita kwa kidogo tu. Katika kituo chake, ambacho kilikuwa umbali wa kuendesha gari kutoka nyumbani, alikuwa amefika katikati ya orodha ya wasaidizi: ratiba yake ilijulikana mwezi mmoja kabla, mwisho wa juma mara nyingi alikuwa nyumbani, na mtoto wake wa kwanza alikuwa hajafikisha mwaka.

Nafasi ilivyofunguka

Mashirika makubwa yalikuwa yakiajiri kwa kasi, na makapteni wa shirika la K waliondoka kila wiki. Wasaidizi walikuwepo wengi, lakini wengi wao hawakuwa na saa 1,000. Hazikuwa zikiongezeka haraka, kwa kuwa ndege haiwezi kuruka bila kapteni, na kapteni ndiye aliyekuwa adimu. Basi msaidizi anakaa chini akisubiri kapteni, na kwa kukaa chini anachelewa kuwa kapteni. Shirika likajikuta limeziba mlango kutoka ndani.

Tangazo la nafasi za ukapteni lilipotoka, liliteremka kwenye orodha hadi kumfikia yeyote aliyekuwa na saa zinazotakiwa. Kwa namba ya K, kituo kilichopatikana ni kimoja tu, kile ambacho wakongwe hawakukitaka: kiko mbali, kwenye ukanda wa kaskazini wenye theluji nyingi. Darasa lingeanza Septemba. Kulikuwa na bonasi, yenye sharti la kuirudisha ukiondoka kabla ya miaka miwili.

Njia ya pili ilikuwa kusubiri nafasi ya ukapteni katika kituo cha nyumbani. Makadirio ya ofisi yalisema mwaka mmoja hivi. Nilimwambia K wakati huo, na ninarudia hapa, kwamba makadirio ya aina hiyo yamejengwa juu ya dhana kwamba watu wataendelea kuondoka kwa kasi ileile. Shirika halina mamlaka juu ya kasi hiyo.

Hesabu aliyoifanya

K alichora jedwali. Upande wa faida aliandika mshahara wa saa, ambao ungepanda kwa zaidi ya nusu, bonasi, na saa za kuwa kapteni wa jeti. Kwa miaka mingi mashirika makubwa yalizipenda sana saa hizo kwa mwombaji. Wakati huo wa uhaba yalikuwa yakichukua hata wasaidizi wasio na saa moja ya ukapteni, lakini K aliamini, na mimi nadhani aliamini vizuri, kwamba uhaba ukiisha vigezo vya zamani vitarudi.

Upande wa hasara aliandika kusafiri kwenda kazini kwa ndege, kupanga kitanda katika nyumba ya marubani karibu na kituo, na kuwa kapteni wa akiba. Hili la akiba linahitaji maelezo. Kapteni wa akiba hana safari zake. Anapangiwa siku za kukaa tayari, na ofisi ya zamu humpigia mtu anapougua au ratiba inapovurugika. Ikiwa ni zamu ya kuitwa kwa haraka, anatakiwa afike uwanjani ndani ya saa chache, kwa hiyo hawezi kusubiri akiwa nyumbani majimbo matatu mbali. Analipwa kiwango cha chini cha saa kilichohakikishwa hata asiporuka. K aliona hapo palikuwa pazuri: mshahara wa kapteni, kazi chache, muda wa kusoma.

Aliuliza watu. Mwenzi wake alikubali kwa sharti la miezi kumi na minane, si zaidi. Kapteni mmoja wa karibu alimwambia asikatae, kwa kuwa nafasi hazikai. Kapteni mkufunzi mmoja hakujibu ndiyo wala hapana, badala yake alimpa zoezi: kwa mwezi mzima, katika kila safari, afanye uamuzi wa kapteni kichwani kabla kapteni hajafungua mdomo. Mafuta kiasi gani, uwanja mbadala upi, kifaa kibovu hiki twende nacho au hatuendi nacho, mhudumu wa ndege aliyechoka aambiwe nini. Kisha ahesabu mara alizopishana na kapteni, na kila mara aulize kwa nini.

Kati ya yote aliyoyafanya K kabla ya kuamua, hili ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote. Aligundua kwamba katika kuruka hakupishana na mtu. Alipishana kwenye subira: makapteni wazuri walichelewesha maamuzi yanayoweza kusubiri na kuharakisha yale ambayo yeye aliyaona ya kusubiri, hasa mafuta. Mwisho wa mwezi alikuwa akipishana nao mara chache, akaomba nafasi.

Mafunzo

Sehemu hii inapita haraka kwa sababu ilipita vizuri. Ndege ilikuwa ileile aliyoizoea, kwa hiyo hapakuwa na mifumo mipya ya kujifunza. Katika simuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoigiza ndege, kuhamia kushoto kulimsumbua siku mbili za kwanza: mikono inabadilishana kazi, na usukani wa gurudumu la mbele, ambao ndio unaoongoza ndege ardhini, sasa uko upande wake. Kikao kimoja kiliongezwa kwenye zoezi la kugeuza safari baada ya hitilafu, si kwa kosa la kuruka, bali kwa sababu alishika ndege na mazungumzo yote kwa wakati mmoja huku msaidizi wake akikaa bila kazi.

Alijua uzito wa kufeli. Matokeo ya mafunzo na mitihani ya rubani huwekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu ambayo mwajiri yeyote wa baadaye analazimika kuipitia. Kwa hiyo anayekimbilia ukapteni kabla ya kuwa tayari anahatarisha zaidi ya mwaka mmoja wa mshahara. K alipita mtihani mara ya kwanza, akaruka saa zake za uzoefu na kapteni mkufunzi, na mkaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, akaketi nyuma yao katika safari moja, kama kanuni inavyotaka kwa kapteni mpya. Mwanzoni mwa Desemba alikuwa akiruka bila mkufunzi, na mistari minne ya kapteni begani.

Saa mia moja ambazo hazikuisha

Hapa ndipo kipimo kilichosahaulika kinapojitokeza.

Kanuni za Sehemu ya 121 zinasema kapteni ambaye hajafikisha saa 100 za ukapteni katika aina hiyo ya ndege lazima aongeze viwango vyake vya kutua: futi 100 juu ya kimo cha uamuzi, yaani kimo ambacho asipoiona njia lazima apande tena, na nusu maili juu ya umbali wa kuona. Mkaribio wa kawaida wa vyombo, yaani kuukaribia uwanja kwa kufuata vyombo vya ndege badala ya macho, ambao kapteni mwingine anaweza kuufanya hadi futi 200 na nusu maili, kwake unakuwa futi 300 na maili 1. Saa 1,000 alizoruka kwenye ndege hiyohiyo kutoka kiti cha kulia hazimpunguzii kitu.

K aliijua kanuni hii. Alikuwa ameijibu kwenye mtihani. Katika jedwali lake aliipa mstari mmoja: "wiki sita, kisha imekwisha." Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu mwenye ratiba, anayeruka saa sabini au themanini kwa mwezi. Kapteni wa akiba haruki hivyo. Desemba aliitwa mara chache. Januari hali ya hewa ilifuta safari nyingi alizoitiwa. Saa ya 100 ilifika katikati ya Machi. Akiba ileile aliyoiandika upande wa faida ndiyo iliyombakiza katika viwango vya juu kipindi chote cha theluji, mahali ambapo viwango hivyo vinauma zaidi.

Kuna kanuni ya pili, na hizi mbili hukutana vibaya. Msaidizi ambaye hana saa 100 katika aina ya ndege hawezi kupaa wala kutua katika hali fulani. Kapteni lazima afanye mwenyewe. Hali hizo ni pamoja na uwezo wa kuona wa robo tatu ya maili au chini, njia ya kurukia yenye theluji au maji, breki zilizoripotiwa kuwa chini ya nzuri, na upepo wa ubavuni unaozidi noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa). Mtu angetegemea basi kwamba kapteni mpya hapangiwi na msaidizi mpya. Ila kanuni ya kuwaoanisha inadai tu kwamba mmoja wao awe na saa 75 katika aina hiyo ya ndege, ziwe za kushoto au za kulia. K alikuwa nazo zaidi ya elfu, za kulia. Kwa maana hiyo sheria ilimhesabia uzoefu wake pale alipopangiwa mtu wa kukaa naye, na haikumhesabia alipotakiwa kutua. Wasaidizi wapya nao walikuwa wengi kwenye akiba, kwa sababu akiba ndiko wanakoanzia wote. Ofisi ya zamu ilipohitaji watu wawili haraka, ilichukua waliokuwa tayari.

Jioni ya Januari

K aliitwa mchana. Msaidizi wake alikuwa ametoka kumaliza mafunzo wiki iliyotangulia. Safari ya tatu ya siku ilikuwa kwenda uwanja wenye utabiri wa theluji nyepesi na uwezo wa kuona wa maili moja na nusu saa ya kufika. Kwa K hiyo ilitosha kisheria, lakini kwa nafasi ndogo. Uwanja mbadala uliopangwa ulikuwa wa karibu, ndani ya wingu lilelile.

Uamuzi wa kwanza aliufanya akiwa bado langoni. Alitazama taarifa za viwanja vya upande ambao theluji ilitokea, akaona kila kimoja kimekuwa kibaya kuliko utabiri wake. Akampigia mpangaji wa safari. Katika mfumo wa Marekani, kapteni na mpangaji wa safari wanawajibika kwa pamoja kwa mpango wa safari, na wote wawili lazima wauridhie. Kanuni ya mafuta ni ya kufika, kwenda uwanja mbadala ulio mbali zaidi, kisha dakika 45. K aliomba uwanja mbadala wa magharibi, nje kabisa ya theluji, na mafuta ya kuzunguka angani kwa nusu saa. Mpangaji alikubali bila ubishi. Mhudumu wa lango hakufurahi: kwa uzito wa mafuta hayo, abiria wanne walibaki.

"Kapteni, ndege nyingine ya saa hii imeondoka na watu wote," mhudumu alimwambia.

"Najua," K akajibu. "Kapteni wake anaruhusiwa kutua pale nisiporuhusiwa mimi."

Nimelirudia jibu hili kwa wanafunzi wangu mara kadhaa. Kapteni mpya hupenda kuficha kwamba ni mpya, na viwango vya juu ni kitu cha kwanza anachokificha. K alisema waziwazi mbele ya watu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Walipokaribia, uwezo wa kuona ulishuka hadi robo tatu ya maili. Ndege tatu za shirika lao zilitua mbele yao. K hakuruhusiwa hata kuanza sehemu ya mwisho ya mkaribio. Wakazunguka. Kabla ya kuingia kwenye mzunguko alikuwa amemwambia msaidizi kiasi cha mafuta ambacho kikifika wanaondoka, na akamwomba akiandike mahali wote wawili wanapoona. Alimkabidhi msaidizi kuirusha ndege, yeye akachukua redio, mpangaji wa safari, mhudumu wa ndege na tangazo kwa abiria. Linganisha na kile kikao cha ziada cha simuleta.

Mafuta yalipofika kwenye kiasi walichoandika, hali ya uwanja ilikuwa imeripotiwa kupanda hadi karibu maili moja, kisha ikashuka tena. K anakiri kwamba hapo alivutwa. Msaidizi, aliyekuwa hajasema neno la kupinga siku nzima, akasoma namba iliyoandikwa kwa sauti. Wakageuka kwenda magharibi. Huko anga ilikuwa safi na njia kavu, msaidizi akatua mwenyewe.

Uamuzi wa mwisho ulikuja chini. Ofisi ya zamu iliomba waongeze muda wa kazi ili waipeleke ndege ilikokusudiwa theluji itakapopungua. Kanuni za uchovu, zilizoanza kutumika Januari 2014, zinaweka kikomo cha kipindi cha kazi cha marubani wawili kati ya saa 9 na 14, kutegemea saa waliyoanza na idadi ya safari. Dharura ikitokea kabla ya kuruka, kikomo kinaweza kuongezwa hadi saa 2, lakini kapteni lazima akubali, na kila rubani lazima athibitishe kwamba anafaa kuruka. K alimuuliza msaidizi wake. Akajibu kwamba yuko sawa, baada ya kunyamaza kwa muda ambao K aliuona mrefu. K akakataa kuongeza, akiiambia ofisi kwamba yeye, kapteni, ndiye aliyechoka. Abiria walilala hotelini.

Matokeo

Rubani mkuu wa kituo alipiga simu kesho yake, akauliza mfuatano wa mambo, akashukuru, akakata. Hakuna barua wala onyo.

Mambo mengine yalikwenda polepole na vibaya zaidi. Kufikia majira ya joto, mashirika makubwa yalipunguza kuajiri. Makapteni wakaacha kuondoka, orodha ikaganda, na ile nafasi ya kituo cha nyumbani iliyokadiriwa kwa mwaka mmoja haikufunguliwa. K alibaki wa mwisho kwenye orodha ya kituo cha mbali, kwenye akiba, akiruka kama abiria kwenda kazini. Miezi kumi na minane aliyomwahidi mwenzi wake ilipofika, hakuwa na njia ya kurudi nyumbani akiwa kapteni. Mkataba ulimruhusu kuomba kurudi kiti cha kulia kwa mshahara wa msaidizi. Walikaa wakahesabu, wakaamua familia ihamie kaskazini kwa mwaka mmoja. Mtoto amejifunza kutembea kwenye theluji. Bonasi haikurudishwa, na saa za ukapteni zinaendelea kuongezeka.

Wenzake walioamua kusubiri bado wako kulia. Wanalala nyumbani.

Uchambuzi: yaliyofanya kazi

Uamuzi wa kupanda, kwa maoni yangu, ulikuwa sahihi, na ungekuwa sahihi hata kama majira ya baridi yangekuwa mabaya zaidi. Nafasi inayokuja haraka inaeleza zaidi hali ya kampuni kuliko ubora wa rubani: inasema watu wanaondoka. K alilielewa hilo tangu mwanzo, hakujiona ameteuliwa, na kwa hiyo hakuogopa kuonekana mpya. Nimeona wengine waliodhani wamepandishwa kwa sifa wakijaribu kuthibitisha sifa hiyo katika mvua ya radi.

Zoezi la kuamua kabla ya kapteni lilizaa matunda moja kwa moja. Uamuzi wa mafuta wa jioni ile haukubuniwa langoni. Alikuwa ameufanya kichwani mara nyingi akiwa bado kulia, na mara nyingi akijikuta amekosea kwa upande wa kuchelewa. Ningeshauri zoezi hili hata kwa msaidizi ambaye hana mpango wa kupanda kwa miaka miwili.

Namna alivyokataa kuongeza muda nayo inafaa kutazamwa. Angeweza kusema msaidizi amechoka. Kwa kulibeba yeye, alimwondolea mtu wa wiki ya kwanza mzigo wa kuwa sababu ya abiria kulala hotelini. Uchunguzi wa ajali ya Buffalo ulijadili kwa kirefu uchovu na marubani wanaosafiri mbali kwenda kazini, na mimi humwona kila kapteni wa akiba anayelala kwenye kitanda cha kupanga kama mtu aliyemo kwenye mjadala huo, apende asipende.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Kosa la jedwali lilikuwa la kalenda. K alipima mshahara kwa mwaka, kituo kwa miaka miwili, na viwango vya kutua kwa wiki sita, kila kimoja kivyake. Hakuweka akiba, theluji na saa 100 kwenye mstari mmoja. Angeziweka, angeona kwamba darasa la Septemba linamwingiza kazini Desemba, na kwamba akiba ya kituo kile haimpi saa 100 kabla ya Machi. Je, angesubiri darasa la majira ya kuchipua? Labda lisingekuwepo, orodha iliganda muda mfupi baadaye. Lakini kulikuwa na njia ya tatu ambayo hakuitafuta: kupanda Septemba na kuanza kuomba safari kwa bidii tangu siku ya kwanza, badala ya kuufurahia utulivu wa akiba. Mikataba mingi inamruhusu rubani wa akiba kujitolea kuitwa kwanza. K aliligundua hilo mwezi wa pili, Februari ikiwa imeshaanza. Kwa kapteni mpya, siku ya akiba inayopita bila simu ni siku inayorefusha udhaifu wake wa kisheria, hata kama imelipwa.

Kosa la pili ni la shirika. Kuwaoanisha kapteni wa saa arobaini na msaidizi wa wiki moja katika theluji kulikuwa halali kabisa, na ndiyo maana hakuna kompyuta iliyopiga kelele. Chakula cha mchana na rubani mkuu yeyote mkongwe kitakuletea simulizi za jozi kama hizo. Sheria imeweka sakafu, na sakafu hiyo ilitosha jioni ile kwa sababu watu wawili waliandika namba mahali wanapoiona na mmoja wao akathubutu kuisoma.

Baada ya msimu ule, K alipeleka kumbukumbu za jozi zake kwa kamati ya usalama ya chama cha marubani. Chama kikajadiliana na shirika, na utaratibu ukabadilishwa: kati ya Novemba na Machi, kapteni aliye chini ya saa 100 hapangiwi msaidizi aliye chini ya saa 100. Utaratibu huo hauifungi ofisi ya zamu siku ambazo marubani ni pungufu, na siku za theluji ndizo ambazo marubani huwa pungufu.